Miaka 18 imekaa wapi ndani ya chupa?

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mwanza ameniandikia hivi:

"Mkwe wangu anafanya kazi Aberdeen. Alipokuja likizo aliniletea Chivas Regal ya miaka 18. Mimi ni mtu wa bia. Wiski naigusa kwenye harusi tu, tena kwa Coca. Juzi mchana nikasema hii niinywe kavu, kwa heshima ya mkwe. Ilinichoma koo, na sikuona tofauti na ile ya miaka 12 wanayouza hapa mjini. Jirani naye ananiambia nimeletewa 'mchanganyiko', eti wiski yenyewe ni singo malti. Naomba unisaidie: hiyo miaka 18 iko wapi? Na niinyweje niione?"

Shikamoo Mwalimu. Na hongera kwa mkwe. Wengine huja na shati tu.

Ulimi wako hauna ubaya, na chupa, kama ni halisi, haina ubaya. (Suala la uhalisi nitalifikia, maana kwetu huku halikwepeki.) Ila naomba nianze na jirani. Mtu akishaambiwa kwamba anachokunywa ni "mchanganyiko", kila funda analimeza huku akitafuta dosari, na anayetafuta dosari kwenye glasi ya wiski haikosi.

Shauri la jirani lilishafika mahakamani zamani. Mwaka 1905 halmashauri ya Islington, huko London, iliwashtaki wauza pombe kwa kuuza kinywaji kilichotiwa pombe ya nafaka na kukiita wiski. Wauzaji wakashindwa. Kelele zikawa nyingi hadi serikali ikaunda tume ya kifalme mwaka 1908, na mwaka uliofuata tume ikatoa jawabu: ya kimea ni wiski, ya nafaka ni wiski, na ukizichanganya ni wiski. Jirani amechelewa zaidi ya miaka 100 kukata rufaa. Tena mwambie kwamba hata hiyo singo malti yake (malti ndiyo kimea) ni mchanganyiko: neno "singo" linahusu kiwanda kimoja, si pipa moja. Mapipa kadhaa, pengine mamia, ya kiwanda hicho humiminwa pamoja kabla chupa hazijajazwa.

Sasa hizo aina mbili, ya kimea na ya nafaka. Usipozitofautisha hutajua unatafuta nini kwenye glasi.

Ya kimea hutokana na shayiri tu. Shayiri hulowekwa, huachwa iote kidogo, kisha hukaushwa; ni kimea kilekile ambacho bibi zetu walikianika kwa ulezi au mtama kwa ajili ya pombe ya kienyeji. Huchachushwa kwa hamira, kisha hukenekwa kwenye vyungu vikubwa vya shaba. Kama umewahi kuona gongo ikipikwa (kuona tu, Mwalimu), kanuni unaijua: moto chini, mvuke unapanda, mrija unapita kwenye maji ya baridi, matone yanadondoka upande wa pili. Scotland hufanya hivyo mara mbili, fungu baada ya fungu, na kinachotoka huwa na kileo cha asilimia 70 hivi. Kwa kuwa chungu hakichuji kila kitu, uzito wa shayiri na uchachu wa hamira hubaki humo. Wiski ya kimea ikiwa changa ni nene, ina mafuta mafuta, na nyingine hunuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Ina mengi ya kusema, na huyasema yote kwa wakati mmoja.

Ya nafaka hutengenezwa kwa ngano au mahindi, pamoja na kimea kidogo cha kuisaidia ichachuke. Haipiti kwenye chungu. Hupita kwenye minara miwili mirefu ambamo mvuke na kimiminika hupishana bila kusimama usiku na mchana. Mtambo huo ulipewa hataza mwaka 1830 na Aeneas Coffey, Mwairishi aliyekuwa ofisa wa ushuru, yaani mtu aliyewahi kupata riziki kwa kuwakamata wapika pombe. Kinachotoka kwenye minara kinaweza kukaribia asilimia 95, ingawa sheria inakizuia kisifike 94.8, ili pabaki angalau harufu ya nafaka yenyewe. Ikiwa changa ni nyepesi, karibu na spiriti tupu, na haina hadithi ndefu. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Walioziunganisha hizo mbili wengi wao walikuwa wenye maduka. John Walker alikuwa na duka la vyakula Kilmarnock tangu 1820. Huko Aberdeen kulikuwa na James Chivas, ambaye baadaye aliungana na mdogo wake John na mwaka 1857 biashara ikaitwa Chivas Brothers. Waliuza chai, kahawa, viungo, matunda makavu. Sijui kama mkwe alilifikiria hilo, ila amekuletea kinywaji kilichozaliwa katika mji anaofanyia kazi. Mwenye duka wa aina hiyo alikuwa akichanganya majani ya chai ya makasha tofauti kila siku, ili chai aliyonunua mama leo ifanane na ya mwezi jana. Na wiski ilikuwa na ugonjwa uleule: kila pipa na tabia yake. Mwaka 1853 Andrew Usher wa Edinburgh akaanza kuuza mchanganyiko wa wiski za kimea za Glenlivet za umri mbalimbali, na sheria ya mwaka 1860 ikaruhusu kimea na nafaka vichanganywe ghalani kabla ya kulipiwa ushuru. Hapo blendi, yaani huo mchanganyiko wa kimea na nafaka, ikapata miguu. Haikupita miaka mingi, mdudu aitwaye filoksera akaiangamiza mizabibu ya Ufaransa, brandi ikaadimika, na waungwana wa London waliozoea brandi kwa soda wakahamia kwenye blendi ya Scotland. Mpaka leo zaidi ya nusu ya wiski ambayo Scotland inaiuza nje ni blendi, na viwanda vingi vya kimea anavyovisifu jirani vimedumu kwa kuwa wenye blendi wananunua mapipa yao.

Chupa yako yenyewe ni mtoto wa karibuni. Ilitungwa mwaka 1997 na Colin Scott, aliyekuwa mkuu wa uchanganyaji wa kampuni hiyo. Kiini chake ni wiski ya kimea ya Strathisla, kiwanda kilichopo mji mdogo wa Keith tangu 1786. Kwa upande wa nafaka, kampuni ina kiwanda chake Glasgow, Strathclyde.

Tuje kwenye namba. Sheria ya Scotland inataka wiski ikae kwenye pipa la mwaloni, ndani ya Scotland, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Ukiandika umri kwenye chupa, lazima uandike umri wa wiski iliyo changa kuliko zote humo. Wewe umefundisha, kwa hiyo chukulia ni darasa: 18 ni umri wa mwanafunzi mdogo kuliko wote. Wengine wanaweza kuwa na 20 au 25, na hakuna atakayekuambia ni wangapi. Si wastani. Akiingizwa mmoja wa miaka 12, hata kijiko kimoja, darasa zima linaitwa la miaka 12.

Na hiyo miaka huhesabiwa ndani ya pipa pekee. Kioo hakina cha kutoa wala cha kuchukua. Ukiifungia chupa kabatini miaka 10, ukiitoa ni ileile ya miaka 18, ila wewe ndiye utakuwa umeongeza 10.

Pipa linafanya nini, basi? Mengi yanayotumika Scotland yalitangulia kubeba wiski ya bourbon ya Marekani. Sheria ya Marekani inataka bourbon iingie kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja wao hawana kazi nalo tena, na Scotland inalinunua. Hubeba lita 200 hivi. Mengine hutayarishwa kwa mvinyo wa sheri wa kusini mwa Hispania, na haya ni makubwa zaidi, hadi lita 500. Mwaloni ukiunguzwa hutoa vitu ambavyo pua ya mtu wa kwetu inavifahamu kuliko hata ya Mskoti. Kuna vanilini, ambayo ndiyo vanila. Kuna laktoni zinazonukia nazi. Na kuna yujenoli, ambayo ndiyo hasa inayoipa karafuu harufu yake. Sisemi "inafanana na karafuu". Ni kemikali ileile. Mpemba akiinusa wiski iliyokaa vizuri kwenye mwaloni asipoiona karafuu humo, basi ana mafua.

Wakati pipa linatoa, hewa nayo inachukua. Scotland hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo kwenye pipa kila mwaka kwa kuvukiza. Wenyewe huita fungu la malaika. Piga hesabu, Mwalimu: pipa la lita 200, asilimia 2 kila mwaka, kwa miaka 18. Zinabaki lita 139 hivi. Karibu theluthi imekwenda angani, na bei ya zile lita 61 iko kwenye chupa uliyoletewa. Kwenye joto ni balaa zaidi: kule Bangalore, India, ambako wanatengeneza wiski ya Amrut, hupotea zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Usitegemee basi kuona wiski ya miaka 18 iliyokuzwa Dar es Salaam. Ungefungua pipa ukakuta harufu.

Sasa nafika kwenye swali lako. Iko wapi?

Wengi wakishika chupa ya umri mkubwa wanategemea nguvu: moshi zaidi, utamu zaidi, rangi nzito zaidi. Wewe pia nadhani ulitegemea hivyo. Lakini muda hufanya kazi ya kuondoa kwanza. Ile harufu ya kiberiti huisha, ule ukali wa ujana hulainika. Na wiski ya nafaka, ile niliyosema haina hadithi ndefu, ndiyo hubadilika kuliko wote. Kwa kuwa ilikuja karibu mikono mitupu, kila ilichonacho baada ya miaka 18 imepewa na pipa: kashata ya nazi, kastadi, biskuti ya siagi, vanila. Inakuwa laini kama tui zito. Huyo ndiye unayemlipia kwenye blendi yenye umri. Wiski ya kimea hata ikiwa na miaka 10 au 12 inaweza kuwa nzuri sana, wapo wanaoipenda hivyo na mimi ni mmoja wao. Nafaka ya miaka mitano ni kama maji ya moto yenye sukari. Nafaka ya miaka 18 ni kitu kingine kabisa, na ni vigumu kuipata popote isipokuwa ndani ya blendi kama hiyo.

Kwa hiyo kwenye glasi yako usimwinde Strathisla. Yeye atajitokeza mwenyewe, na zabibu zake kavu. Tafuta kinachombeba. Tafuta pale katikati ya ulimi, baada ya utamu wa kwanza na kabla ya joto la kooni, mahali ambapo kwenye ile ya miaka 12 unahisi kapengo, kama daraja lililokosa ubao. Kwenye ya 18 hapo pamezibwa. Hakuna ladha kubwa pale, kuna kuteleza tu. Ukikigundua mara moja, hutahitaji mtu akuonyeshe tena.

Kwa nini juzi hukukigundua? Umesema ilikuwa mchana. Chupa iliyokaa sebuleni ina joto la sebule, na wiski ya nyuzi 28 au 30 hutoa mvuke wa kileo kwa fujo. Unachonusa ni spiriti inayokuchoma, mengine yote yamefunikwa. Vitabu vinasema inywewe "kwa joto la chumba", lakini chumba chao ni cha Edinburgh, nyuzi 18 au 20. Na wewe ni mtu wa bia. Bia ina kileo cha asilimia 5 hivi, hii ina 40. Ulimi uliozoea 5 ukimwagiwa 40 kwa funda la bia lazima upige yowe.

Fanya hivi. Chagua jioni, Mwanza huwa afadhali upepo wa ziwa ukishaingia. Jikoni pasiwe na mtu anakaanga sato, na usijipulizie marashi. Usiwe umeshiba sana, wala usiwe na njaa. Tafuta glasi ndogo yenye tumbo na mdomo uliobana, ile ya mvinyo iliyo ndogo inatosha. Ile pana ya kuta zilizonyooka ambayo sinema zimetuzoesha ni ya barafu, harufu yote inapotelea pembeni. Mimina toti moja, mililita 30. Ukiiona bado ina joto, kalishe kitako cha glasi kwenye bakuli la maji ya baridi dakika tano, kisha kikaushe kwa kitambaa. Usiitie kwenye friji ikaganda ganzi. Baridi kali huzifunga harufu zilezile unazozitafuta. Funika glasi kwa kisosi, uiache dakika 10 nyingine. Hapa ndipo wengi hushindwa. Zungumza na mama, soma gazeti.

Rangi usiihangaikie. Sheria inaruhusu wiski ya Scotland itiwe karameli ya kurekebisha rangi, ili chupa zote zifanane, kwa hiyo weusi wake haukuambii umri. Hata yale machozi yanayoteremka kwenye kioo ukizungusha glasi, watu wanayatazama kama wanasoma kiganja. Yanakuambia kuna kileo, basi.

Ondoa kisosi. Usiingize pua ndani ya glasi. Ilete usawa wa kidevu kwanza, uachie mdomo wazi kidogo, uvute hewa polepole kama unayenusa chakula cha mtu mwingine. Kisha isogeze juu. Utakutana na tamu kwanza: sukari iliyoanza kuungua sufuriani, ile dakika kabla haijawa chungu. Rudi tena kwa tundu moja la pua, halafu jingine. Hayafanyi kazi sawa. Zabibu kavu za kwenye pilau. Ganda la chungwa lililokauka. Nyuma kabisa pana kokoa, na uzi mwembamba wa moshi, mwembamba kiasi kwamba ukiutafuta unakimbia. Pua ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe hapo kwenye kiwiko, kisha rudi.

Kama hukukutana na nilivyovitaja, usijilaumu, na usiseme umeviona ili kunifurahisha. Maelezo ya kwenye maboksi yameandikwa na watu waliokulia keki ya Krismasi na plamu. Wewe una tende, halua, sukari guru, ubuyu, karanga zilizokaangwa kwenye mchanga. Tumia vyako. Kuna mzee mmoja niliyewahi kumwonjesha wiski nyuma ya kaunta, akanusa muda mrefu, akasema "sanduku la marehemu baba". Alikuwa na maana ya mbao za zamani, nguo zilizokunjwa, karafuu za kufukuza nondo. Sijapata kusikia maelezo bora ya harufu ya pipa kuukuu.

Sasa onja, kidogo kuliko unavyodhani, nusu kijiko cha chai. Funda la kwanza silihesabu. Ni la kuuamsha mdomo, lazima likerekete kidogo. Subiri dakika moja. La pili liache juu ya ulimi, lizungushe hadi kwenye fizi, hesabu polepole hadi 10. Hapo ndipo lile daraja lilipo. Meza, funga mdomo, toa pumzi kwa puani. Pumzi hiyo inayorudi huja na nusu ya ladha, na watu wengi huikosa kwa kuwa wanakuwa wameshaanza kusema "aaah". Tega: inakaa sekunde ngapi? Je, inaisha kwa utamu au kwa ukavu kama wa chai iliyochemshwa mno? Ukavu kidogo ni tanini za mwaloni, ni sawa. Ukiwa mwingi, pipa limezidi, na hilo huwapata hata wenye majina makubwa. Nimewahi kuonja wiski za miaka 30 ambazo zilikuwa kama kulamba kabati.

Baada ya hapo, maji. Si barafu, maji ya chupa, maana ya kisima yenye chumvi yataharibu kila kitu. Kijiko kimoja cha chai kwanza, nusa, onja, halafu kingine. Wachanganyaji wenyewe wakiwa kazini hunusa wiski iliyopunguzwa hadi asilimia 20, yaani kwa toti yako ya asilimia 40 ni maji kiasi kilekile cha mililita 30. Kwa kunywa hiyo ni nyepesi mno. Ishia mililita 10, utakuwa kwenye asilimia 30. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa kompyuta kwamba kileo kikipunguzwa, molekuli ya gwayakoli, moja ya zile zinazoleta harufu ya moshi, hupanda kukaa juu ya uso wa kinywaji. Wanywaji walishalijua hilo kwa pua. Wewe mwenyewe utauona ule uzi wa moshi ukikaribia.

Ukitaka somo likamilike, pata toti ya ile ya miaka 12 ya chapa hiyohiyo, uziweke mbili pamoja na maji yaleyale. Anza na changa. Ukianza na kubwa utamwonea mdogo. Ya 12 itakupa tufaha, asali, uchangamfu. Kwa kweli ni kinywaji kizuri, na hiyo unaweza kuitia soda yenye gesi bila dhambi. Ya 18 kwa Coca? Ni chupa yako, Mwalimu, hakuna polisi. Ila Coca ina vanila, karameli na utamu wake, kwa hiyo itafunika vilevile ulivyolipiwa. Ni kama kumwagia pilau tomato ya chipsi.

Nimeahidi kuzungumzia uhalisi. Iliyotoka mkononi mwa mkwe, aliyeinunua dukani Uingereza au kwenye duka la uwanja wa ndege, sina shaka nayo, na usishtuke kwamba haina stempu ya TRA. Ukinunua hapa nyumbani stempu iwepo. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye harusi moja niwamiminie wazee chupa ya umri mkubwa ambayo mwenyeji alikuwa amejivunia wiki nzima. Ile foili ya shingoni ilikuwa imelegea kama soksi kuukuu. Nilipofungua, harufu ya kwanza ilikuwa vanila ya kuokea keki, ya pili rangi ya kucha, ya tatu haikuwapo. Kwenye kitako cha chupa palikuwa na vumbi la sukari lisiloyeyuka. Nikamnong'oneza mwenyeji, akanuna, wazee wakanywa bia na mimi sikualikwa tena katika ukoo ule. Pua inaweza kukuonya juu ya chupa iliyojazwa kienyeji, lakini haiwezi kukuhakikishia usalama, maana methanoli, ile pombe yenye sumu, hainuki tofauti kiasi cha kuikamata. Ukitilia shaka, mwaga.

Kuhusu kuitunza: isimamishe wima, isilale kama mvinyo, kwa kuwa kileo kikali hula kizibo. Iweke gizani, mbali na dirisha na mbali na jiko. Ikishafika nusu, hewa iliyomo chupani itaanza kuichosha, kwa hiyo usiibakize robo chini miaka mitatu kwa kuionea huruma. Miezi michache baada ya kufika nusu, imalize na watu wako. Toti moja jioni, si kila jioni, na kama uko kwenye dawa za presha au sukari mwulize daktari wako kabla hujanifuata mimi. Bakiza toti mbili kwa ajili ya mkwe akirudi. Muonjeshe bila kumwambia ni ipi, ile ya 12 upande mmoja na ya 18 upande mwingine, umwulize daraja liko wapi.

Na chupa ikiisha usiitoe nje ikiwa nzima na boksi lake. Wapo wanaopita kununua hizo, na bei yao ni nzuri kupita kiasi kwa kioo kitupu. Ikwaruze nembo kwa msumari, itoboe boksi, ndipo uitupe.